Koluna ya Kati

Mtu akikwambia anataka koluna, muulize kwanza: koluna ya nini? Msijifanye nyinyi hamkosei. Mimi nimezaliwa pwani hii, Kireno nimekisoma shule, na neno hilo moja liliniingiza kwenye ugomvi na fundi seremala mbele ya mtaa mzima wa Quitunda.

Naitwa Zubeida. Ni fundi wa redio. Ndiyo, mwanamke. Kila mara anakuja mtu na simu iliyoingia maji, ananikuta nimekaa na pasi ya kuchomelea mkononi, moshi unafuka, halafu ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia amekwenda kuoga, amngoje. Na kweli anangoja.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba. Yeye alitengeneza redio za watu tangu kijijini kwetu mpaka Palma mjini. Kijijini kwetu ni kule pwani ambako sasa kuna uzio na geti, na mlinzi anayekuuliza unakwenda wapi. Gesi ilipopatikana baharini, ardhi ile ikatakiwa, na sisi tukahamishiwa Quitunda: nyumba za bloku na mabati, zimepangwa mistari, zote sura moja. Mwanzoni nilikuwa naingia nyumba za watu. Si kwa ubaya. Sikujua yangu ni ipi.

Sitadanganya, nyumba ni nzuri. Haivuji, umeme upo, choo kipo ndani ya ua. Aliyeshindwa nayo ni mama.

Mama yangu, Bi Muanacha, macho yake yaliondoka zamani. Anaishi kwa masikio. Kule kwetu nyumba ilikuwa ya fito na udongo, na ukuta wake uligusana na wa shoga yake, Bi Cadija. Kila mmoja alikuwa amelala kitandani mwake, na mazungumzo yanaendelea. "Cadija, umelala?" "Nitalalaje na wewe unaniita?" Basi hapo ndipo yanapoanza: nani kaolewa, nani kaachwa, samaki wa leo wamechacha, imamu amekohoa mno kwenye hotuba. Miaka yote. Mimi nilikuwa naziba masikio kwa mto.

Wakati wa kugawiwa nyumba, Bi Cadija aliangukia mwisho kabisa wa kijiji, kule ng'ambo ya shule. Mmoja haoni, mwingine miguu imevimba hawezi kutembea. Wakawa wanatumiana salamu tu. Siku ya kwanza mama aliugonga ukuta wa bloku kwa kiganja, akangoja, akaugonga tena.

"Nyumba hii haina watu," akasema.

"Na mimi si mtu?"

"Wewe unafanya kazi, mwanangu."

Haikuchukua muda akaanza neno lake la Olumbi. Anataka kwenda Olumbi kwa mdogo wake, mjomba Fauzi, akae huko. Kule nyumba ni za udongo bado, watu wanasikika. Nikadhani ni hasira tu, itapita. Haikupita. Akampigia simu mjomba mwenyewe, wakakubaliana Jumapili atakuja na gari kumchukua. Akafunga kifurushi chake: kanga, msala, birika la kutawadhia, akakiweka karibu na mlango.

Jamani. Olumbi, siku zile! Barabara ile haikuwa ya kuchezea. Wale wa msituni walikuwa wanachoma vijiji upande wa kusini, na kila wiki tulikuwa tunaona watu wanakuja kwetu kwa miguu, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Watu wanatoka huko kuja huku, mama yangu anataka kutoka huku kwenda huko. Niliogopa, naisema wazi. Nilikuwa namtazama amekaa karibu na kile kifurushi, nikihesabu siku zilizobaki. Nikimwambia habari za barabara anajibu, "Nimesikia. Mimi mzee, watanifanya nini?" Nikimwambia nitabaki na nani, anakaza fundo la kifurushi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nieleze habari ya video, maana ndiyo kazi yangu ya pili. Kwenye chumba kikubwa naonyesha filamu, zile za Kiswahili zinazovuka mto kutoka Mtwara. Kule kwetu nilikuwa naonyesha uani, watu wazima, watoto, wote wanakaa mchangani. Mama alikuwa anakaa mlangoni kwake, haoni kitu, lakini anafuata maneno kuliko wenye macho. Halafu anampigia kelele Bi Cadija upande wa pili wa ukuta, "Umemsikia? Anamdanganya mkewe!" Na Bi Cadija, ambaye kila filamu anamtetea mtu mbaya, anajibu, "Ana sababu zake!" Wanagombana mpaka filamu inaisha. Nikajiambia, mama akizipata tena filamu zake, huenda akatulia. Sikuwa na wazo jingine.

Tatizo ni kwamba mashine yangu, deki ya kuchezea filamu, ilikuwa haisemi. Ilikuwa inapiga muziki, inapiga bunduki, milango inafungwa, gari linapita, lakini watu wakifungua midomo, kimya. Mashine hizi za spika nyingi zina akili zao: muziki na vishindo vinakwenda kwenye spika za pembeni, maneno yanatumwa kwenye spika ya kati peke yake. Na spika yangu ya kati ilikalia kinu kwenye lori la kuhama. Nasema vibaya: kinu ndicho kilichoikalia. Ingekuwa na rimoti ningeiambia mashine isahau hiyo ya kati, itumie mbili tu. Rimoti nayo ilipotelea kwenye lori hilohilo. Basi mashine ikaendelea kudhani ina spika zote, inatuma maneno mahali pasipo na kitu.

Vijana hawakujali. Wao wakiona mateke wametosheka. Lakini mama siku moja alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Zubeida, zima. Nimechoka kusikia bunduki zisizo na maneno."

Nikazima. Na vijana wakaondoka bila ubishi, maana nao wana mama zao.

Nilijaribu njia ya mkato. Nikachukua kaspika kamoja ka pembeni, nikakahamishia kati. Maneno yakatoka, lakini chumba kile ni bloku pande zote na bati juu. Sauti inagonga ukuta huu, inarudi ule, neno la kwanza linakutana na la pili njiani. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Wameingia kwenye mtungi hao?" Akarudi chumbani.

Ndipo nikakumbuka redio ya baba. Xirico kubwa ya zamani, yenyewe ilikufa kitambo, lakini spika yake nilikuwa nimeitoa na kuifunga kwenye kitambaa: mviringo wa yai, karatasi ngumu, sumaku nzito nyuma. Spika za siku hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mtu kuzungumza. Nikaipima, nzima. Ilikuwa inahitaji kasha tu, la mbao nzuri. Nikampigia simu Zeca.

Zeca ni seremala, Mmakonde wa Mueda, anakaa Palma. Mkono wake safi, mdomo wake mrefu, na tangu gesi ianze, anashinda na wajenzi wa makambi, koluna na viga, yaani boriti, kutwa nzima. Hilo la mwisho ningelifikiria mapema.

"Mano Zeca, kaka yangu," nikamwambia, "nataka unitengenezee koluna ya kati. Haraka, iwe hapa kabla ya Jumapili."

"Ya kati? Ya mbao au ya simenti?"

Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nikadhani ananitania.

"Ya simenti ya nini, bwana! Ya mbao. Mti wa umbila, kavu, isiwe na ufa."

"Itabeba uzito?"

"Kidogo tu. Lakini isitikisike."

"Isitikisike," akarudia, kama mtu anayeandika. "Haya. Itakayobeba haitikisiki."

"Na kipimo chake..."

"Wacha kipimo, mana Zubeida, dada yangu, nyumba zenu zote ni moja, nimezishika kichwani."

Nikaona sawa, chumba anakijua, atajua kasha la ukubwa gani linafaa. "Mengine nitafunga mwenyewe," nikasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Kwani kuna mwingine?"

Watu wa kwetu spika kubwa tunaiita koluna, kama Wareno wanavyoiita. Harusini utasikia, "Leteni koluna!" Hakuna anayeleta nguzo. Lakini mjenzi naye, nguzo anaiita koluna, kama Wareno haohao wanavyoiita. Wareno wenyewe sijui wanaelewanaje.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, nikaona mkokoteni unaingia mtaani kwetu, Zeca anausukuma, na juu yake umelala mti. Sikusema ubao. Mti. Nguzo ya umbila, imepigwa randa mpaka inang'aa, pembe nne, na juu amechonga mistari ya kuzunguka kama ile wanayochonga kwao. Chini yake ametandika ubao mmoja mpana ili nguzo isikwaruzwe na mkokoteni.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Koluna yako."

"Koluna yangu ipi?"

"Ya kati. Ya baraza la nyuma. Baraza zenu zina nguzo huku na huku, katikati hamna kitu. Nilijua tu siku moja mtu mwenye akili ataliona hilo."

Hasira zikanipanda. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia, na Ijumaa ile, Mungu anisamehe. Nikamwambia nimeagiza kitu cha kusema, ameniletea kitu cha kusimama. Nikamwambia mama yangu anaondoka keshokutwa, mimi nina siku ya kuchezea magogo? Majirani wakatoka. Zeca naye si mtu wa kunyamaza.

"Mana, koluna ni koluna! Ungetaka spika ungesema spika!"

"Umbila yote umemaliza kwenye hili dude?"

"Yote! Na usiliite dude, nimelichonga kwa mikono yangu!"

Katikati ya kelele hizo nikasikia kitu ambacho sikukisikia tangu tuhame. Mama anacheka. Amekaa kizingitini, mikono juu ya fimbo, anacheka mpaka mabega yanamtikisika.

"Ameleta nguzo!" akasema. "Ee Mola! Mtoto ameagiza redio, ameletewa nguzo!"

Mama akafuta machozi kwa pembe ya ukaya.

"Kwani kasha la nini, Zubeida? Baba yako alikuwa na kasha? Alikuwa na ubao ule umetundikwa juu ya meza, umetobolewa tundu. Kila spika alijaribia pale. Habari za vita vyote na uhuru wote nimezisikilizia ubaoni."

Sasa hilo mimi nililijua na nililisahau, nikalionea haya kidogo. Haraka ndiyo iliyonisahaulisha. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, wakati uleule. Ukiiacha uchi, sauti ya mbele na ya nyuma zinakutana pembeni na kuuana, unabaki na ukelele mwembamba. Ndiyo maana watu wanaifungia kwenye kasha. Lakini kasha si lazima. Ubao mpana unatosha kuzitenganisha: ya mbele ikaenda mbele, ya nyuma ikaenda nyuma, kila moja kwake. Ngoma nzito hutapata. Maneno utapata, na maneno ndiyo niliyoyataka. Tena sauti ya namna hiyo haitapanyiki sana ubavuni, kwa hiyo kuta za bloku hazipati nafasi ya kuichezea.

Nikautazama mkokoteni. "Ubao huo wa chini," nikamwambia Zeca, "nao ni wa nani?"

"Huo? Huo wa kutandika tu."

"Nipe."

Ulikuwa mpana kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na mrefu kupita mikono miwili. Nikaiweka spika ya baba juu yake, nikachora mviringo kwa kalamu. Zeca aliingia kazini bila kuambiwa; hasira zake zinaishia pale anaposhika msumeno. Akatoboa kwa keekee, akaingiza msumeno mwembamba, akalifuata yai lile taratibu, akalilainisha kwa tupa. Mimi nikakata raba kutoka kwenye ndala iliyochanika, nikaizungushia ukingo wa spika ili isilie juu ya mbao, nikakaza skurubu, nikachomelea waya. Jua likazama tukaacha. Zeca akalala kwa ndugu zake wa hapohapo Quitunda.

Asubuhi ya Jumamosi tukauegemeza ubao ukutani chini ya tivii. Ovyo kabisa. Sauti ya nyuma inapiga ukuta inarudi usoni, mtu anazungumza amejifunika blanketi. Nikausogeza mbele, ikawa bora. Nikausogeza mbele zaidi, ikawa nzuri, lakini sasa ubao uko katikati ya chumba na watazamaji wakae wapi, juu ya bati?

"Ungekuwa na kitu cha kuushika, kule nje," akasema Zeca, anatazama dari. "Kitu kisichotikisika."

"Usianze."

"Mimi sijasema kitu."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Chumba kina mlango wa nyuma unaotokea barazani. Tukaufungua wazi, tivii tukaiweka kwenye kizingiti, juu ya meza fupi. Nguzo ya Zeca tukaisimamisha barazani, hatua moja nje ya mlango, na kimo chake, sitaki kusema hivi, kilikuwa sawasawa na boriti, haikuhitaji hata kabari. Ubao ukapigiliwa kwenye nguzo, uso wake unatazama ndani, mgongo unatazama uani. Ili mwanga usiingie, nikatundika kanga mbili mlangoni. Kanga haizuii sauti.

Nikawasha. Mwanamke kwenye filamu akasema, "Ulikuwa wapi?" Na alikuwa chumbani na sisi. Alivuta pumzi, tukaisikia. Zeca akapiga kofi moja.

"Koluna juu ya koluna," akasema.

Nikamwambia ahsante. Nikamwambia pia yale majina ya jana ayasahau. Akasema mengine alikuwa hayajui, akauliza maana yake. Halafu akachukua mkokoteni wake, akaenda kuwaaga ndugu zake.

Alasiri nikafungua. Chumba kikajaa vijana. Mama nikampa kiti kizuri, katikati kabisa, nikamshika bega nikamwambia, "Sasa sikiliza, mama." Filamu ilikuwa ya bwana mmoja anayemwambia mkewe anakwenda Dar kikazi, kumbe ana nyumba ya pili mtaa wa pili. Mambo ya mama hayo. Mimi nikasimama karibu na deki, sitazami filamu, namtazama yeye. Shingo yake ilinyooka. Midomo ikaanza kucheza.

"Huyu ndiye mume?" akauliza.

"Shii, bibi!" mmoja akasema kule nyuma.

Nilimtolea macho, lakini mama alishasikia. Akajikunja. Mwanamke mtu mzima, kati ya vijana wa kiume, amekemewa kama mtoto wa madrasa. Nikaona sasa kitu nilichokuwa sikukiona: chumba kile hakikuwa mahali pake. Watu wazima wa heshima zake hawakai humo. Kule kwetu alikaa mlangoni kwake, hakukaa kwenye video ya mtu.

Akakaa kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja. Halafu, filamu ikiwa katikati, maneno yanasikika moja moja, akainuka. Akapapasa ukuta, akatoka kwa mlango wa mbele. Alipopita kwenye kifurushi chake, akainama, akakichukua.

Kazi yote ile, spika ya baba, ubao, nguzo, na amechukua kifurushi chake kabla hata mjomba hajafika. Nikageuka ukutani, nikalia, huku wale vijana wanacheka kitu kwenye filamu. Nilitaka kumfuata, na nilijua nikimfuata nitapiga kelele, na sikutaka kumpigia mama yangu kelele siku ya mwisho.

Filamu ikafika pale mke anapomfuma mumewe. Kimya kidogo, kama wanavyofanya. Na kwenye ule ukimya, kutoka nyuma ya kanga, si kwenye spika, nyuma yake, nikasikia:

"Si nilikwambia? Mwongo huyo!"

"Ana sababu zake!"

"Sababu gani, Cadija? Sababu gani? Una wazimu wewe!"

Nilifungua kanga upande. Barazani, mkeka umetandikwa, na wamekaa wanawake watu wazima wa mtaa wetu, na wengine siwajui hata majina, wameegemea ukuta, wanatafuna mihogo. Mama ameiegemea nguzo ya Zeca, mgongo wote, sauti inamtokea juu ya kichwa. Na mbele yake Bi Cadija, miguu yake iliyovimba imenyooshwa, chini amekalia kifurushi cha mama. Kile cha safari.

"Umefikaje, Bi Cadija?"

"Kwa mkokoteni," akasema bila kunitazama. "Yule Mmakonde wako alikuwa anapita na mkokoteni mtupu. Kelele zenu za jana zilifika mpaka kwangu, nikamwambia nipakie nikaione hiyo nguzo. Nimefika, nikasikia watu wanazungumza. Ndani wamejaa vijana, mimi siingii. Nikazunguka huku."

"Na wewe, mama?"

"Nilimsikia," mama akasema. "Anamtetea mwanamume yule. Ningemwacha?"

"Mnaona kitu huku lakini? Tivii inatazama ndani."

Wote wakanicheka. Mmoja wao akasema, "Kwani maulidini tunaona? Tunakaa nyuma ya pazia na kila kitu tunakijua." Na kweli. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, na kisomo kinasikika kote kuwili, tumelelewa hivyo. Mimi nilijenga ile spika nikaipima sauti ya mbele tu. Sauti ya nyuma niliiona ni taka, iende uani ikapotee. Kumbe huko ndiko walikokuwa wanawake.

"Funga kanga, Zubeida," mama akasema. "Unatuingizia mwanga."

Nani anajali mwanga, yeye haoni! Lakini nikafunga. Nikarudi kusimama karibu na deki, nikalia tena, safari hii bila kujificha.

Jumapili mjomba Fauzi alifika, vumbi mpaka kwenye kope. Bi Cadija alikuwa ameshaletwa, mkeka umejaa, filamu nyingine inaendelea. Mjomba akapiga honi. Akapiga tena.

"Fauzi!" mama akaita kutoka nyuma. "Acha kelele, tunasikiliza! Ingia ndani ukae na wanaume!"

Mjomba akaniangalia. Nikampeleka pembeni ya nyumba, akachungulia barazani, akawaona wale wanawake, akamwona dada yake amekaa na nguzo mgongoni, akakiona kifurushi na aliyekikalia. Nilijiandaa kugombana naye, maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini mjomba hakuwa na uso wa kugombana. Alikuwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mimi sikutaka kumchukua," akasema polepole. "Nilishindwa kumwambia dada yangu asije kwangu. Utamwambiaje dada yako hivyo?" Akajifuta vumbi, likabaki palepale. "Njiani leo nimekutana na watu wengi, Zubeida. Kijiji kizima. Sisi nasi usiku hatulali nyumbani sasa, tunalala shambani, na watoto."

Nikamkung'uta vumbi begani.

"Nilitaka nikuulize," akasema, na nikaona anavyopata taabu, mwanamume mzima mwenye nyumba yake. "Kama kwenu hapa kuna nafasi. Ya wanangu na mama yao. Si kwa muda mrefu."

Nilikuwa sijafungua mdomo. Tulikuwa tunanong'ona, filamu inapiga kelele, na mama yuko kule kwenye nguzo, amezungukwa na maneno pande zote. Lakini nimeshawaambia, mama yangu anaishi kwa masikio.

"Waambie waje, Fauzi," akasema. "Huku nyuma nafasi ipo. Zubeida atatafuta mkeka mwingine."